Daftari linalotii amri: funzo la Log4j kwa orodha za watu wa Masisi

Kila mwisho wa mwezi, katika vituo vya afya vya milima ya Masisi, kutoka upande wa Nyamitaba hadi Kirotshe karibu na ziwa, wauguzi hufunga rejista na kuanza kuhesabu. Wangapi wameugua malaria, wanawake wangapi wamejifungua, watoto wangapi wamechanjwa, wangapi wamefika na jeraha la risasi, wangapi wamebakwa. Hesabu huandikwa kwenye karatasi ya mwezi, na karatasi hushuka kwa miguu au kwa pikipiki, kupitia bariera zote tunazozijua, hadi ofisi kuu ya zoni ya afya. Huko mtu mwenye kompyuta, akipata umeme na mtandao, huiingiza katika DHIS2, hifadhidata ambayo Kongo inaitumia kwa takwimu za afya katika zoni zake 519.

Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Jambo ambalo wachache wanalifahamu ni kwamba mtu huyo wa kompyuta anapobonyeza, maandishi mawili yanafanyika kwa mara moja. La kwanza ni takwimu yenyewe. La pili ni daftari la ndani la programu, ambalo mafundi huliita logi. Humo kunaingia jina la aliyefungua, saa, mashine aliyotumia, alichotafuta, mahali alipokosea. Hakuna mgonjwa aliyeulizwa juu ya daftari hilo, na hata wenye programu hawalisomi isipokuwa siku mambo yanapoharibika. Liko pale kama daftari la mlinzi wa lango: linajaa kila siku na linafunguliwa siku ya wizi.

Mwisho wa mwaka 2021 daftari la namna hiyo ndilo lililotikisa dunia nzima, na DHIS2 haikuachwa nje. Tunalirudia jambo hilo leo kwa sababu namna lilivyorekebishwa inagusa swali ambalo watu wa Masisi na Walikale wanabeba tangu vita vilipoanza kuwahamisha: majina yetu, yaliyoandikwa mara nyingi hivi, yako kwa nani?

Kifaa chenyewe kinaitwa Log4j. Ni kipande kidogo cha programu, cha bure, kinachotunzwa na watu wanaojitolea chini ya Apache Software Foundation. Kazi yake ni moja tu, kuandika logi. Yeyote anayetengeneza programu kwa lugha ya Java anaweza kukichukua na kukiweka ndani ya kazi yake bila kulipa hata franga, na ndivyo wengi walivyofanya: mabenki, makampuni ya simu, serikali, michezo ya watoto, hifadhidata za kutafutia maandishi kama Elasticsearch na Solr. DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway na inayotumiwa pia Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, imeandikwa kwa Java na inaandika logi zake kwa Log4j.

Mwaka 2013 mtumiaji mmoja aliomba Log4j iongezewe uwezo mpya. Badala ya kuandika tu maneno iliyopewa, iweze kukutana na alama fulani ndani ya maneno hayo na kwenda kutafuta habari mahali pengine, hata kwenye kompyuta iliyo mbali, kupitia njia iitwayo JNDI. Ombi lilikubaliwa. Lilionekana la msaada, na kwa miaka minane halikumsumbua mtu.

Tuseme jambo hili kwa lugha ya nyumbani. Umemweka karani mlangoni aandike majina ya wanaoingia. Anafika mtu, anaulizwa jina, anajibu: "Jina langu ni nenda nyumba ya tatu nyuma ya soko, chukua barua utakayopewa, fanya yote iliyoandikwa humo." Karani mwenye akili angecheka, au angeandika maneno yale yote kama jina la ajabu. Karani wetu huyu aliacha kalamu akaenda. Akachukua barua, akarudi, akafanya. Na kwa kuwa alikuwa na funguo za nyumba yote, barua ile ingeweza kumwambia afungue chochote.

Ndivyo Log4j ilivyokuwa. Mshambulizi hakuhitaji nambari ya siri. Alihitaji tu kuandika mstari mfupi mahali popote ambapo programu ingeuandika katika logi: kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, kwenye kisanduku cha kutafutia, kwenye mazungumzo ya mchezo wa Minecraft. Hata kukataliwa kuingia kulitosha, kwa sababu kukataliwa nako huandikwa. Hapo ndipo ubaya wake ulipozidi: mlinzi alipomfukuza mgeni na kuandika jina lake, mlango ulifunguka.

Tarehe 24 Novemba 2021, fundi wa usalama wa kampuni ya Alibaba ya China aliwapasha habari watunzi wa Log4j. Tarehe 9 Desemba habari ilikuwa imeenea hadharani, na kosa lilipewa alama 10 juu ya 10 kwa ukali. Kabla mwezi haujaisha, wizara ya ulinzi ya Ubelgiji ilikuwa imetangaza kwamba imeshambuliwa kupitia tundu hilo. Watunzi wa DHIS2, kama wengine wengi duniani, walitoa matoleo yaliyorekebishwa na kuwahimiza wenye seva wasingoje.

Sasa tufike kwenye rekebisho, maana hapo ndipo kuna jambo la kujifunza. Hatua ya kwanza, toleo la 2.15.0, ilitoka tarehe 10 Desemba. Watunzi hawakuondoa uwezo ule. Waliufunga kwa kawaida na kuuwekea mipaka: karani asiende mbali, aende karibu tu, kwa watu wanaojulikana. Ni rekebisho la watu wastaarabu, wanaofikiria kwamba huenda kuna mteja mahali fulani ambaye bado anaihitaji kazi hiyo. Halikudumu hata wiki. Wataalamu walionyesha kwamba katika mipangilio fulani kufuli hiyo inazungukwa. Tarehe 13 Desemba likatoka toleo la 2.16.0, na safari hii walikata mzizi: uwezo wa kufuata amri zilizo ndani ya ujumbe ukaondolewa kabisa, na JNDI yenyewe ikazimwa mpaka mwenye mashine aamue kwa mkono wake kuiwasha. Matundu mengine madogo yalizibwa kabla ya mwaka kuisha, lakini tundu lenyewe, lile la karani kuacha kalamu, lilikufa siku lilipoondolewa.

Mmoja wa watunzi hao alisema hadharani wakati ule kwamba uwezo huo hata wao hawakuupenda. Waliuacha kwa miaka yote hiyo kwa hofu ya kuharibu kazi za waliokwisha kuutumia. Msomaji ambaye amewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote ya Kongo anaijua sababu hiyo. Fomu ina safu kumi na mbili, tatu kati yake hazina faida kwa mtu, lakini hakuna anayethubutu kuzifuta kwa kuwa ziliwekwa na aliyetangulia na huenda Kinshasa wataziuliza.

Julai 2022, baraza la Marekani lililochunguza jambo hilo lilisema kosa la Log4j litabaki katika mifumo kwa miaka kumi au zaidi. Sababu ni nyepesi: kipande kile kimefichwa ndani ya programu nyingine, ambazo ziko ndani ya nyingine tena, na mwenye kompyuta hajui kama anacho. Fikiria basi kompyuta iliyofungwa katika ofisi ya zoni mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, programu iliyowekwa na mradi uliokwisha zamani, na fundi aliyeiweka yuko Kinshasa au amekwenda zake. Nani atakuja kuirekebisha? Barabara yenyewe haipitiki.

Kuna atakayeuliza: mdukuzi wa mbali ana haja gani na takwimu za malaria za Nyamitaba? Ni swali la haki. Sehemu kubwa ya kinachoingia katika DHIS2 kutoka vituo vyetu ni hesabu tupu, haina majina, na hilo ni jambo jema. Lakini programu hiyohiyo ina sehemu ya kufuata mtu mmoja mmoja, kwa jina, kutoka ziara hadi ziara. Nje ya afya kuna orodha nyingine nyingi. Wahami wa vita wa Masisi wameandikwa kila walipokimbilia: na mkubwa wa kijiji, na kamati ya kambi, na shirika la chakula, na shirika la bashi, na shule, na Msalaba Mwekundu. Jina, ukubwa wa familia, kijiji cha asili, nambari ya simu, mara nyingine alama za vidole. Misaada mingi siku hizi inatumwa kwa simu, kwa hiyo orodha inasema pia nani amepokea pesa na ni ngapi.

Mwenye orodha ya namna hiyo hana haja ya kuwa mdukuzi wa ng'ambo. Inatosha awe mtu mwenye silaha anayetaka kujua familia zipi zimetoka kijiji fulani, au mwizi wa kawaida anayetaka kujua nani amepokea dola jana.

Tukumbushe kwamba jambo hili limekwisha kutokea, tena kwa shirika ambalo watu wa kwetu wanaliamini kuliko mengi. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika seva zake zilizoko Uswisi na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000. Zilikuwa habari za kazi ya kuunganisha familia: watoto waliopotezana na wazazi, watu wasiojulikana walipo, wafungwa. Zilikusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 na hawakugunduliwa mpaka tarehe 18 Januari, siku 70 baadaye.

Mlango uliotumika haukuwa Log4j. Ulikuwa programu nyingine, ya kuthibitisha watumiaji, ambayo rekebisho lake lilikuwa limekwisha kutoka lakini halijawekwa. CICR ililieleza hilo waziwazi, jambo ambalo mashirika mengi hayafanyi, na ililazimika kuzima mfumo wake wa kutafuta familia. Mama anayemtafuta mtoto, popote alipo duniani, aliambiwa asubiri kwa sababu ya tundu katika kompyuta asiyoijua.

Huko Afghanistan hali ilikuwa tofauti, nayo inafanana zaidi na ya kwetu. Agosti 2021 Taliban walipochukua Kabul, walikuta mashine za kutambua watu kwa vidole na macho zilizoachwa na Wamarekani pamoja na hifadhidata za serikali iliyoanguka. Hakuna aliyedukua kitu hapo. Eneo lilibadilisha mwenyewe, na orodha zikabaki nyuma.

Sisi tunajua maeneo kubadilisha mwenyewe. Kitchanga ilichukuliwa na M23 Januari 2023. Rubaya, na machimbo yake ya koltani, Aprili 2024. Masisi-kati mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma kabla ya mwezi huo kwisha. Katika mapigano ya Goma maghala ya misaada yaliporwa mbele ya macho ya watu. Februari kambi zilizozunguka mji, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine, zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Turubai zilikunjwa, mbao zikabebwa. Orodha za kambi hizo, zile za karatasi na zile za kwenye laptopu, hatukusikia mengi yakisemwa juu yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba data za wahami zinalindwa na nambari ya siri nzuri, ninamwelewa, lakini ninakumbuka toleo la 2.15.0. Kufuli ni nzuri pale ambapo mwenye nyumba ni yuleyule. Katika Masisi mlinzi anaweza kubadilika kwa usiku mmoja, na anayekuja anaweza kumwambia karani afungue, akiwa ameshika bunduki. Jina ambalo halikuandikwa, au lililofutwa baada ya ugawaji kwisha, halifunguki kwa bunduki.

Logi zina hatari nyingine ya pekee: zinabeba vitu ambavyo hakuna aliyekusudia kuvihifadhi. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wabadilishe nambari za siri, baada ya kugundua kwamba nambari hizo zilikuwa zinaandikwa wazi katika logi ya ndani kabla ya kufichwa. Mwaka uliofuata Facebook ilikiri kosa la namna hiyo kwa mamilioni mengi ya watu, na Septemba 2024 mamlaka ya Ireland iliitoza faini ya euro milioni 91. Wahandisi wa makampuni hayo si wajinga. Walikuwa wameficha nambari za siri katika hifadhidata kuu kama inavyotakiwa, ila hakuna aliyekumbuka kuangalia daftari la pembeni. Basi shirika dogo linalofuta orodha yake ya wahami baada ya ugawaji, je, linafuta na logi? Na nakala zilizotumwa kwa WhatsApp ili fulani asaini haraka?

Hapa kuna ubishi, na sitaki kuupita. Wako wanaosema punguzeni kila kitu, zimeni hata logi. Hapo wanakosea. Bila logi hakuna anayejua nani alibadilisha orodha usiku, nani aliongeza majina ya ndugu zake kwenye ugawaji wa unga, nani alifungua faili la mwanamke aliyebakwa bila kuwa na kazi nalo. Nako kuibiwa kwa misaada katika kambi zetu ni hadithi ya kweli, si ya kompyuta. Daftari la mlinzi lazima libaki. Watunzi wa Log4j hawakuacha kuandika logi. Walimnyang'anya karani ule uwezo wa kutii amri za wageni, wakamwachia kalamu.

Tena logi haina faida ikiwa inadanganya. Si ajabu kukuta ofisi ambako watu wanne wanaingia kwa jina moja na nambari ya siri moja iliyobandikwa ukutani, kwa sababu kufungua akaunti mpya kunahitaji barua na barua inahitaji mwezi. Siku ya shida, daftari litamtaja mmoja, hata kama siku hiyo alikuwa likizo Bukavu. Rekebisho la jambo hilo halihitaji pesa ya wafadhili wala fundi kutoka Oslo: kila mtu aingie kwa jina lake, na anayeacha kazi akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Kongo ina sheria. Kanuni ya nambari za kidijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, ina sura nzima juu ya kulinda habari za watu, ikiwa ni pamoja na wajibu wa kueleza mtu kwa nini unakusanya habari zake. Kwenye karatasi ni hatua kubwa. Lakini sheria inamhitaji mtu wa kuisimamia, na katika sehemu za Masisi ambako mwakilishi wa Kinshasa hafiki, mkataba pekee uliobaki ni ule kati ya anayeandika na anayeandikwa. Ndiyo maana mzigo mkubwa unaangukia mashirika ya kiutu yenyewe, ambayo yanaingia kwa pande zote na yana mafundi wanaojua vizuri tunachosema hapa.

Nayo yana la kujitetea. Wafadhili wanadai ushahidi kwamba kila mfuko wa unga umemfikia mtu halisi, na ushahidi ni jina, simu, kidole. Ukipunguza safu katika fomu, mkaguzi anakuja juu. Haya ni mazungumzo ya Goma, Geneva na Bruxelles, na mkulima wa Nyamitaba hakaribishwi mezani. Hata hivyo yeye ndiye atakayeulizwa jina lake tena, pengine wiki hii, kwa sababu amerudi kwenye shamba alilolikimbia, au kwa sababu amelikimbia kwa mara ya nne.

Akiulizwa, ana haki ya kuuliza naye kabla ya kuweka kidole. Karatasi hii ikitoka hapa inaenda kwa nani? Kijiji cha asili kinaandikwa kwa faida gani, ikiwa ninachopewa ni bidoni na sabuni? Itafutwa lini, na nani ataifuta? Mwenye kalamu asipokuwa na jibu, aulize wakubwa wake kwa simu, palepale, watu wakisikia.